Nundu ya Kanisa la Mlima

Barua ilikuwa na mistari miwili. Ilisema: Tunakarabati paa. Njoo utuambie kama ile nundu ni ya Mlima au si ya Mlima.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, maneno hayakubadilika. Mke wangu Tupokigwe alikuwa uani anachambua maharage. Akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hajafariki mtu, ni habari za kanisa. Akachambua viganja viwili vitatu, halafu akauliza tunaondoka lini. Nikasema aliyeitwa ni mimi. Akasema ndiyo, nimesikia, ila tunaondoka lini.

Kwa miaka arobaini na saba mwanamke huyu ameniomba nimpeleke akalione kanisa nililosaidia kulipima. Na kwa miaka arobaini na saba nimekuwa na sababu. Mguu. Mvua. Mavuno ya pareto. Mwaka mmoja nilisingizia msiba wa mtu ambaye wiki iliyofuata tulikutana naye mashineni, amebeba debe lake la mahindi, mzima kabisa, akatusalimia kwa furaha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakunijua mimi. Yangu imenifikisha miaka sabini na bado naitembea.

Nchi yetu haina jina. Iliwahi kuwa nalo, lakini kila mtawala aliyekuja alilibadili, mwishowe majina yenyewe yakachoka yakaacha kuja. Tunaishi upande huu wa Mlima tukisema huku, na upande wa pili tunasema kule. Ukivuka mgongo wa Mlima ukafika kule, kule kunageuka huku, na nyumbani kwako ulikoacha moto unawaka kunakuwa kule. Nilipokuwa kijana jambo hili lilinichekesha. Sasa linanishughulisha. Nani anaamua kitu kiitwe nini? Aliyekikaribia, au aliyekitazama kwa mbali akiwa ameshika kalamu? Na kitu kikishaitwa, kinabaki kilivyokuwa, au kinaanza taratibu kufanana na jina lake? Nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza, na sababu hiyo ilikuwa inatembea mbele yangu asubuhi ile, kichwani ina kapu la unga na maharage, kwa sababu mkono mtupu haulambwi.

Njia ya Mlima ina tabia yake. Hukupa ukungu unapotaka kuona na jua unapotaka kivuli. Tulipanda ndani ya ukungu, nikiona visigino vya Tupokigwe tu, na mara nyingine nikidhani ni visigino vya msichana niliyemwoa, mara nyingine ni vya bibi fulani nisiyemjua ambaye amekubali kuniongoza. Sikusumbuka. Mradi visigino vilikuwa vinakwenda, na mimi nilikwenda.

Juu kabisa mgongoni pana mahali pa kutua mizigo. Lazima niseme desturi yetu hapa, maana bila hiyo mambo yote yaliyonipata ni upuuzi. Mzigo mzito mtu hujitua mwenyewe, lakini kujitwika mwenyewe hawezi. Kwa hiyo aliyetua pale juu hukaa akangoja. Yeyote anayepita, awe ndugu au adui, awe ana haraka ya kwenda kuzika, ni lazima asimame aulize, “Nikutwike?” Na anayemwona mtu amekaa na mzigo wake akapitiliza, tunasema mzigo ule umehamia shingoni mwake, na hapatikani wa kumtua. Hatuna sheria nyingi huku. Hiyo tunayo.

Tupokigwe alisimama mahali pale akasubiri nimfikie. Nikamtua kapu. Akaonyesha ardhi kwa kidole cha mguu.

“Hapa,” alisema, “ndipo nilipokaa siku ile.”

Akaanza kusimulia, kama anavyosimulia kila mwaka msimu wa kuni unapofika. Kwamba siku tuliyokuwa tunapima Mlima yeye alitoka msituni na mzigo wa kuni za mianzi na mizizi ya mkaratusi, mzito kuliko akili yake. Kwamba alitua hapa jua likiwa utosini. Kwamba alingoja mpaka kivuli cha Mlima kikafika bondeni, na hakupita mtu, hata sisimizi hakumwuliza. Kwamba mwishowe alifungua mzigo, akaacha nusu, akashuka na nusu, akalia njiani kwa sababu ya ile nusu.

Nami nikajibu kama ninavyojibu kila mwaka. Nikasema pole, mama Lugano. Sisi tulikuwa kule chini, macho yetu kwenye kazi, hatukuona kitu. Uongo huu nimekaa nao kuliko nilivyokaa na meno yangu.

Alinitazama kidogo. Kisha akasema nimtwike, tushuke.

Ukungu ulifunguka tukiwa katikati ya mteremko, na kanisa likawa pale chini.

Nimewahi kusikia watu wakilisimulia na nikadhani wanatia chumvi. Halikuwa na mnara. Halikuwa na pembe hata moja ambayo fundi wa kawaida angeipenda. Paa lake lilikuwa mgongo wa Mlima, ule ule tuliotoka kuukanyaga, umepunguzwa ukalazwa juu ya kuta: kilele kikubwa upande wa mawio, bonde dogo, vilele viwili pacha, halafu mteremko mrefu hadi chini, ambako paa liligusa majani na mbuzi mmoja alikuwa amepanda hatua tano juu yake akitafakari. Kuta zilikuwa za mawe ya mto, zimeinama kidogo ndani kama kingo za korongo. Niligeuka nikatazama Mlima nyuma yangu, nikageuka nikatazama kanisa mbele yangu, na kwa muda sikujua kipi kilikuwa kipimo cha kingine.

Baina ya vilele pacha na ule mteremko mrefu kulikuwa na kitu kidogo kimejitokeza. Nundu. Nilikijua kimo chake kabla sijakiona. Nilikisoma mimi kwa mdomo wangu.

Tupokigwe alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu binti yetu Lugano aolewe. Alisema, kumbe ndivyo lilivyo. Akasema, kumbe mlifanya kazi. Nilitamani kumkubalia na kurudi nyumbani hapo hapo.

Kanisa lile halina mlango. Lina ufa, mrefu na mwembamba, unaouingia kwa ubavu kama unavyopita kati ya majabali. Juu ya ufa wameandika kwenye jiwe agano la waliolijenga: Kisichokuwepo Mlimani kisiwepo hapa. Ndani, sakafu inashuka. Mabenchi yamepangwa kwa ngazi saba zinazofuata mzunguko wa ukuta, sawasawa na matuta ya mashamba yetu ya milimani, na kila ngazi ina mwanga wake, maana paa limeachiwa nyufa na jua hushuka tuta baada ya tuta tangu asubuhi hadi jioni. Hawana saa ya ukutani. Wanasema ibada huanza jua likifika tuta la pili na huisha likifika la nne, na mhubiri akizidisha, watu wa tuta la tano huanza kujikinga macho. Katikati kuna mfereji mdogo wa maji ya mvua yanayotoka paani, unapita mbele ya madhabahu, unajaza birika la ubatizo, unatoka nje kwenda kunywesha mboga za wajane. Nilivuka mfereji ule nikasikia ubaridi wake kwenye kifundo cha mguu, na nikakiri moyoni kwamba ni pazuri. Pazuri kuliko nilivyostahili kupaona.

Waliotupokea walikuwa wawili. Bwana Andobwisye, mwenyekiti wa kamati ya jengo, mtu mrefu aliyezoea kuinama, na fundi wao, mwanamke wa makamo aitwaye Bupe, mwashi, nyundo na tindo zimechomekwa kiunoni na vumbi la chokaa hadi kwenye nyusi. Walitusalimia kwa heshima zote, wakapokea kapu, wakatuuliza habari za kule, yaani huku kwetu. Kisha Andobwisye akatuonyesha ndoo.

Ndoo ilikuwa kwenye tuta la nne, juu ya benchi la waimbaji wa sauti ya pili. Tone lilidondoka ndani yake. Tukangoja. Likadondoka jingine. Ile nundu, alieleza, inavuja tangu kanisa lizinduliwe. Inakusanya maji kwa nyuma na kuyaleta hapa. Sauti ya pili wamejifunza kuimba kwa kufuata tone, na kiangazi, tone likikauka, wanapotea. Sasa kamati imeamua kutengeneza, ila kuna ubishi. Nusu ya washarika wanasema nundu ni jiwe lililokuwa juu ya Mlima, likaporomoka mwaka wa mvua kubwa, na kwa hiyo lazima iachwe, maana agano ni agano. Nusu wanasema Mlima haujawahi kuwa na jiwe pale, nundu ni kosa la wapimaji, na kosa haliabudiwi. Wameacha kusalimiana. Ndugu wawili wamegawana shamba la urithi kwa ajili ya nundu. Wapimaji wote wamekwisha kufa isipokuwa mimi.

Bupe alisema ngazi yake imeegemea ukuta tayari. Nikisema si ya Mlima, ataishusha kabla ya jua kufika tuta la tano. Nikisema ni ya Mlima, ataipaka lami na kumwachia Mungu.

Ilikuwa ni neno moja tu lililotakiwa. Nikaomba kwanza nishuke hadi madhabahuni nikumbuke vizuri. Wakaniambia shuka, mzee, hakuna haraka. Tupokigwe alibaki juu, ameketi karibu na ndoo, akitazama matone kwa raha kama anayetazama wajukuu.

Nikarudi kwanza juu kwenye ufa, nikaanza kushuka matuta tangu la kwanza.

Tuta la kwanza nilikuwa na miaka sabini na goti lilinilalamikia. Tuta la pili goti lilinyamaza. Tuta la tatu nilikuwa na sitini, natafuta visingizio vya mavuno. Tuta la nne hamsini, Lugano anaolewa, mama yake anacheza na ndala mkononi. Tuta la tano nywele zilirudi. La sita nilisikia kilio cha mtoto mchanga na harufu ya uji wa ulezi. Sijui kama ni mimi niliyekuwa nashuka au ni miaka iliyokuwa inapanda kunipisha. Tuta la saba viatu vyangu vilikuwa buti mpya za ngozi, za kwanza maishani, na mbele yangu, mahali palipo madhabahu, palikuwa na darubini ya miguu mitatu, na kando yake msanifu aliyetoka ng'ambo ya kule, mtu mwembamba aliyesikia baridi saa zote, ameketi na karatasi magotini na hindi la kuchoma mfukoni.

Nina miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu ni kutazama na kusema. Kazi yake ni kusikia na kuchora.

“Soma,” anasema.

Ninasoma mgongo wa Mlima kwa hatua. Kupanda. Kupanda. Kilele. Kushuka. Namtajia vimo na yeye anavishusha kwenye karatasi, na mstari unakua chini ya kalamu yake. Jua limeinama. Kesho gari linamchukua na hatarudi. Mstari usipokamilika leo, haukamiliki.

Darubini ile hugeuza mambo juu chini. Mbingu iko chini, Mlima unaning'inia. Na hapo, baada ya vilele pacha, ananing'inia mtu. Ameketi. Mzigo uko kando yake. Kitambaa chake cha kichwa ni cha manjano, na kitambaa kile nimekinunua mimi, siku nilipopata mshahara wa kwanza wa kazi iliyonipa buti hizi.

“Soma,” anasema msanifu.

Nikisema mtu, nitalazimika kwenda. Si kwa sababu atanituma yeye, hajui desturi yetu. Ni kwa sababu neno likishatoka nitakuwa nimemwona. Ni mwendo wa saa nzima kupanda. Nuru itakwisha. Kazi watapewa wengine. Buti nitavuliwa. Na nikinyamaza, mstari utakuwa na pengo.

Niambieni, nyinyi mnaosema ukweli ni mwepesi. Niambieni ilivyo mtu anapokuwa ndiye jicho la mwenzake. Anachosema kinakuwa. Akisema mto, unachorwa mto. Akisema hakuna kijiji, barabara inapita juu ya kijiji. Sikuwahi kuwa na nguvu hizo, na sikujua zinavyokaa mdomoni. Ni tamu. Zina utamu wa

jiwe. Nilisema jiwe. Jiwe, hatua mbili upana, kimo cha

kimo cha mke wangu akiwa ameketi.

Naye akachora. Hakuuliza. Kwa nini aulize? Nilikuwa naona mimi. Na nilipotazama tena kwenye kioo, naapa, alikuwa ametulia kabisa, hatikisiki, kama kwamba neno langu limepanda Mlima na kumfikia.

Hilo ndilo lililoniogopesha miaka yote. Si kwamba nilidanganya. Ni kwamba neno langu lilikubali.

Wakaja waashi. Wakajenga kila kimo nilichotaja. Wakafika pale kwenye mchoro palipoandikwa jiwe, wakaweka jiwe. Lakini kabla hata hawajaanza nilikuwa nimetuhamishia upande wa pili wa Mlima, nikawa naona mgongo wake tu na siuoni uso wa kanisa, na kila mwaka nikasema pole.

Tone lilidondoka. Nikageuka nikaanza kupanda. Miaka ilinirudia mmoja mmoja, na goti nililikuta pale nilipoliacha. Njiani nilikuwa nimekwisha kupanga la kusema. Ni ya Mlima. Neno la Mlima lingemwacha Tupokigwe wangu juu ya paa, salama, amepakwa lami, na mimi ningebaki mume mwema. Tena lilikuwa karibu na ukweli, na uongo ulio karibu na ukweli haunuki sana.

Lakini nilipofika tuta la nne nilimkuta ameiondoa ndoo, ameiweka chini, na amekinga kiganja chake. Alikuwa anapokea matone ya kanisa mkononi. Alifanya hivyo bila maana yoyote, kama mtu anavyofanya akiwa ametulia. Nikaona maji yanavyotoka mgongoni mwake yule wa juu na kuanguka mkononi mwa huyu wa chini, na maneno niliyoyapanga yakanikimbia yote.

“Si ya Mlima,” nilisema.

Bupe akachomoa nyundo.

“Na si jiwe. Ni huyu.”

Nikamwonyesha mke wangu kwa kidole, jambo ambalo si adabu, na nikaeleza yote niliyoeleza hapa, kwa maneno machache zaidi na sauti mbaya zaidi. Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilipomaliza, Andobwisye alikuwa anatazama viatu vyake, na Bupe ameshika nyundo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

Tupokigwe alimwaga maji ya kiganja kwenye mfereji.

“Uliniona,” alisema.

“Nilikuona.”

“Ukasema mimi ni jiwe.”

“Nilisema.”

Akainua uso akalitazama paa kwa muda mrefu. Jua lilikuwa linatoka tuta la tatu kuingia la nne, likamfika magotini, likamfika mikononi. Nikangoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kurudi peke yangu.

“Basi na mimi nina langu,” alisema. “Siku ile walipita watatu.”

Akawataja. Alipita mwenye mbuzi, akauliza nikutwike, akamwambia hapana. Alipita mwinjilisti mmoja aliyekuwa anakwenda kule, akauliza, akamwambia hapana. Alipita mama mkwe wa jirani yetu, ambaye hawakuwa wanapatana, naye akasimama akauliza kama desturi inavyotaka, akamwambia asante, mama, hapana. Wote aliwaambia neno moja: yuko anayekuja. Alikuwa ameona kioo kinametameta bondeni, na alijua jicho lililo nyuma ya kile kioo ni la nani. Akajisemea, ameniona, anakuja. Akajisemea, acha nikae vizuri. Ndiyo maana hakutikisika. Hakuwa amegeuka jiwe. Alikuwa anapendeza.

“Miaka yote umesema hakupita mtu,” nikamwambia.

“Ulitaka niseme nini? Niliwakataa watu watatu kwa ajili ya mmoja ambaye hakuja. Hilo mwanamke anamwambia nani?” Akafuta kiganja kwenye kanga. “Kila mwaka nilikusimulia, baba Lugano. Kila mwaka nakufungulia mlango. Na wewe kila mwaka unaniambia pole.”

Nilikaa kwenye benchi la sauti ya pili, nikasikia tone likiniangukia utosini, na sikujisogeza. Mara arobaini na saba. Nilidhani ni mzigo, kumbe lilikuwa swali. Sikujua nicheke au nilie, basi nikafanya vyote kidogo kidogo, na Tupokigwe akanipa ncha ya kanga yake nifutie.

Andobwisye alikohoa. Alisema anaomba radhi, lakini kamati ina agano lake, na agano linasema kisichokuwepo Mlimani kisiwepo hapa. Akamgeukia Tupokigwe akamwuliza kwa upole: siku ile, mama, ulikuwepo Mlimani? Tupokigwe akasema alikuwepo. Saa ile ya kupima? Alikuwepo kuanzia utosini hadi kivulini. Andobwisye akaitikia kwa kichwa polepole, na nikaona ule mgogoro wa nundu ukimtoka mabegani. Akasema, basi wote walikosea na wote walipatia, na Jumapili atawaambia hivyo, wasalimiane.

Bupe yeye hakuwa na habari za agano. Alikuwa amerudisha nyundo kiunoni na anatazama juu, akipima kwa vidole. Alisema kwanza yeye hawezi kumpiga tindo mtu aliyekaa anangoja kutwikwa, asije akaondoka hapa na mzigo shingoni. Kisha akauliza swali ambalo mimi, niliyejifanya mwanafalsafa tangu asubuhi, nisingelifikiria hata kwa mwaka mzima.

“Mama, mzigo ulikuwa upande gani?”

“Kushoto.”

“Uliugusa?”

“Nafasi ya mkono mmoja.”

Bupe akapiga paja kwa kiganja. Akaeleza kwamba waliojenga waliambiwa jiwe, wakajenga jiwe moja, wakajaza kwa chokaa palipokuwa nafasi kati ya mtu na mzigo, na chokaa imetitia ikafanya shimo. Jiwe hukusanya maji. Mtu hakusanyi. Mtu aliyeketi ana mgongo, maji yanateremka. Wangeambiwa tangu mwanzo kwamba ni mtu na mzigo wake, wangeacha njia katikati, na isingevuja hata siku moja. Kazi ya nusu siku, alisema. Atafungua nafasi ya mkono mmoja. Ila angependa kuona kwa macho, asikisie kama wengine. Kwa hiyo tukirudi, tukifika pale juu, mama akae kidogo kama alivyokaa, na yeye atakuwa paani anatazama.

Wakatupa chakula, viazi na mboga zile za mfereji. Kapu halirudi tupu, wakalijaza maparachichi na chupa ya asali, likawa zito kuliko tulivyolileta. Nikataka kulibeba. Tupokigwe akasema goti langu limesema ukweli mwingi leo, liache lipumzike.

Tukapanda. Mchana ule Mlima haukuwa na ukungu hata kidogo. Nilitembea nyuma ya visigino vyake na sikuvichanganya na vya mtu mwingine yeyote.

Pale juu nilimtua kapu. Akaliweka kushoto, akapima kwa mkono, akalisogeza. Akaketi. Akakaza kitambaa cha kichwa, akanyoosha mgongo. Kule chini kanisa lilikuwa limelala kwenye jua, Mlima mdogo mbele ya Mlima mkubwa, na juu ya paa kulikuwa na kitu kidogo kimesimama kando ya nundu, kimeweka mkono usoni. Bupe. Chini yake, kwenye majani, Andobwisye na watu kama kumi, wote wamegeuza nyuso kwetu.

Nilisimama mbele ya mke wangu. Nilikuwa nimechelewa miaka arobaini na saba na saa moja ya kupanda.

“Nikutwike?” nilimwuliza.

Hakugeuka. Alipapasa ardhi upande wake wa kulia, mahali ambapo siku ile hapakuwa na kitu.

“Kaa kwanza,” alisema. “Bado wanapima.”